Jina la Bidhaa na Ushuru Wake: Kiswahili Mbele ya Kichwa 29.22 cha Jedwali la Forodha



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ngeni katika ukumbi uliozoea kusikiliza habari za tenzi, za lahaja na za ngeli. Inahusu mstari mmoja tu wa jedwali la ushuru wa forodha, wenye nambari 29.22, ambao hukusanya kemikali za kikaboni zilizo na kundi la amino pamoja na kundi lenye oksijeni. Mstari huo hauna neno hata moja la Kiswahili. Hata hivyo, vitu vinavyotokana nao vimo majumbani mwa wasemaji wa Kiswahili kila siku: katika sabuni ya maji, katika mafuta ya kujipaka, katika chakula cha kuku na katika kiungo cha mchuzi. Swali linaloulizwa hapa ni hili: mstari huo ukitakiwa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa namna ambayo ofisa wa forodha na mwenye mzigo wataweza kuusoma na kufikia jawabu moja, lugha hii ina nyenzo gani, na itateleza wapi?

Ili swali hilo lisielee hewani, mhadhara umelitia nanga Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, kusini mwa mji wa Kigoma, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika. Ilagala ni nchi ya michikichi na dagaa. Hapo Kiha, Kitongwe na Kibembe hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachoamua bei. Ni mahali pafaapo kwa sababu mbili. Kwanza, mafuta ya mawese na ya mise yanayokamuliwa huko ni jamaa wa karibu wa kemikali zinazozungumzwa. Pili, bonde la Malagarasi lilikuwa na forodha yake kabla ya jedwali lolote kuandikwa, na maneno yaliyotumika wakati huo bado yanasema.

2. Hongo, ushuru na forodha

Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji katika karne ya 19 ililazimika kuvuka Malagarasi katika nchi ya Uvinza. Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walivuka hapo. Henry Morton Stanley alivuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kila msafara ulitoa hongo kwa watawala wa njia, na ulilipa pia kwa wenye mitumbwi. Hongo ilipimwa kwa doti za nguo na kwa shanga, na kabla haijalipwa ilijadiliwa kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku nzima. Stanley aliilalamikia sana katika kitabu chake. Punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alikamatwa na mamba alipokuwa akivushwa mtoni, hasara ambayo haikuwa na hongo ya kuizuia.

Mwanafunzi wa semantiki ataona jambo hapa. Hongo ya wakati ule ilikuwa malipo halali ya kupita katika nchi ya mwenyewe. Leo neno hilo hilo ni jina la kosa la jinai. Maana imegeuka kwa sababu mamlaka ya kutoza imehama: aliyekuwa akitoza kwa haki amenyang'anywa haki hiyo, na neno lake likabaki na malipo yasiyo na stakabadhi. Kinyume chake, maneno ya pwani ndiyo yaliyopanda cheo. Ushuru umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Forodha nayo imetoka katika neno la Kiarabu la bandari, mahali vyombo vinapofunga, na Forodhani ya Unguja bado inalikumbusha jambo hilo. Kitenzi gomboa, ambacho mawakala wa bandari hukitumia kwa kuutoa mzigo mikononi mwa forodha, kinakaribiana na komboa kwa sauti na kwa maana, kana kwamba mzigo ni mateka.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, neno lililozoeleka ni duane, kutoka Kifaransa. Wafaransa nao walilipata neno hilo kupitia Kiitaliano, na asili yake ya mbali ni Kiarabu, diwani. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Ilagala anayesema forodha na mwenzake wa Kalemie anayesema duane wametumia maneno mawili ya Kiarabu yaliyofika ziwani kwa njia mbili, moja kupitia Zanzibar na nyingine kupitia bahari ya Mediterania.

Ni dhahiri basi kwamba lugha hii haikosi msamiati wa kutoza. Inachokosa ni msamiati wa kutambulisha kinachotozwa, kitu hicho kinapokuwa ni molekuli. Zamani mvutano wa Malagarasi ulikuwa juu ya kiasi: doti ngapi? Leo mvutano uko juu ya jina: hiki ni nini? Jina likishakubaliwa, kiasi kinasomwa jedwalini bila majadiliano.

3. Jedwali linavyofanya kazi

Mkataba wa Kimataifa wa Mfumo wa Pamoja wa Kuainisha Bidhaa na Kuzipa Nambari ulipitishwa Brussels tarehe 14 Juni 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Matini yake yenye nguvu ya kisheria ni mbili, ya Kiingereza na ya Kifaransa, na zote mbili zina uzito sawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijenga juu ya mfumo huo Ushuru wake wa Pamoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005 kwa ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa.

Ngazi hizo ndizo zinazolipa jina bei. Chukua chumvi ya sodiamu ya asidi ya glutamiki, ile inayotiwa katika mchuzi ili unoge. Ikiwa peke yake katika mfuko, ni msombo wa kikaboni wa kichwa kidogo 2922.42. Ikichanganywa na viungo vingine na chumvi ya mezani, imetoka katika Sura ya 29 na kuingia kichwa 21.03 pamoja na vikolezo. Asidi ya lisini anayopewa kuku ni 2922.41; ikichanganywa na vitamini na madini kuwa kirutubisho cha chakula cha mifugo, huhamia 23.09. Methadoni ni 2922.31 ikiwa msombo mtupu. Ikitayarishwa kuwa dawa ya kipimo maalumu, kama ile wanayopewa wanaoacha heroini katika kliniki iliyofunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, huhesabiwa pamoja na dawa katika Sura ya 30. Kichwa kimoja kimebeba jiko, banda na hospitali, na mlango mkuu wa kutokea ni mchanganyiko.

Kanuni hiyo imo katika maelezo ya kwanza ya Sura ya 29. Sura inapokea, kwanza kabisa, msombo mmoja wenye muundo wa kemikali unaojulikana, hata kama una uchafu uliobaki wakati wa kutengenezwa, hata kama umeyeyushwa katika maji. Maelezo ya tatu yanasema kwamba bidhaa inayoweza kuingia katika vichwa viwili au zaidi vya sura hiyo iwekwe katika kile kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa nambari. Maelezo ya nne yanabana maana ya kundi la oksijeni: ni yale makundi tu yanayotajwa katika vichwa 29.05 hadi 29.20, yaani alkoholi, fenoli, etha, aldehidi, ketoni, asidi na jamaa zao. Kwa mkemia, oksijeni ni oksijeni popote ilipo. Kwa forodha, kuna oksijeni inayohesabiwa na kuna isiyohesabiwa.

4. Pipa la sabuni

Wanaotengeneza sabuni ya maji katika vikundi vidogo Tanzania wanajua orodha ya mahitaji kwa moyo: asidi ya salfoniki, slesi, soda, gliserini, chumvi, rangi, manukato, na kitu kizito cha rangi ya asali kinachoitwa kwa herufi zake tatu tu, CDE. Kazi yake ni kuifanya sabuni iwe nzito na povu lidumu. Wengi wanaokinunua hawajui herufi hizo zinasimama badala ya nini, na muuzaji aghalabu hajui pia.

Kitu hicho hupatikana kwa kupasha moto diethanolamini pamoja na mafuta ya nazi. Diethanolamini ni 2922.12, ina kundi la amino na makundi mawili ya alkoholi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, na sifa hiyo anayo pia ndugu yake wa Kigoma, mafuta ya mise, yanayokamuliwa kutoka katika kiini cha chikichi. Kikemia hakuna kinachozuia mafuta ya mise ya Ilagala yafanye kazi hiyo hiyo. Kinachobaki kuagizwa kutoka nje ni amini yenyewe.

Chukulia, kwa ajili ya hoja, kwamba kikundi cha watengeneza sabuni cha Ilagala kinaagiza mapipa mawili. Katika pipa la kwanza mna diethanolamini. Katika la pili mna CDE iliyo tayari. Ankara ya msafirishaji inayaita yote mawili kwa jina moja la jumla la kibiashara lenye neno amini ndani yake. Wakala wa ugomboaji, akiwa na haraka, anayaandika yote chini ya 2922.12. Je, amekosea wapi?

Pipa la kwanza liko mahali pake. La pili lina safari ndefu. Amini inapoungana na asidi ya mafuta hupatikana kundi jipya, amidi, na amidi zina kichwa chao, 29.24. Makundi ya alkoholi bado yapo, kwa hiyo msomaji angeweza kudai kuwa 29.22 inastahili, lakini kanuni ya nambari ya mwisho inampeleka 29.24. Hata huko hakai. Mafuta ya nazi yana asidi nyingi za urefu mbalimbali, hivyo kilichomo pipani ni mkusanyiko wa amidi pamoja na gliserini na amini iliyobaki. Sura ya 29 inautema. Pipa linaishia 34.02, kwenye viamilifu vya usoni, ambako matoleo ya jedwali ya tangu 2022 yana kichwa kidogo 3402.42 kwa vile visivyo na ioni.

Inafaa kutua kidogo hapo, maana Sura ya 34 inatoa fasili ambayo mwanaleksikografia yeyote angeionea wivu. Haisemi kiamilifu cha usoni kinafanana na nini wala jina lake limetoka wapi. Inaamuru jaribio: changanya kitu hicho na maji kwa asilimia 0.5 katika nyuzijoto 20, uache kwa saa moja. Kikitoa kimiminika kinachopitisha nuru au mchanganyiko thabiti usiojitenga, na kikishusha mvutano wa uso wa maji hadi niutoni 0.045 kwa mita au chini yake, basi ndicho. Mtu asiyejua kusoma jina lolote pipani, akiwa na maji, kipimajoto, saa na chombo cha kupimia mvutano, angeweza kulijua jawabu. Kamusi zetu zingefaidika na fasili za namna hiyo katika msamiati wa ufundi.

Wakala wa mfano huu hakukusudia hila. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inalifanya tamko lisilo sahihi kuwa jambo zito, na tamko la uongo kuwa kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye mzigo asiyeridhika siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi. Siku 30 zinatosha kwa mtu mwenye hoja. Kwa mwenye pipa ambaye haki yake yote imeandikwa kwa maneno asiyoweza kuyatamka, ni muda wa kumtafuta mtu wa kumsomea, na msomaji huyo aghalabu ni yule yule wakala aliyeandika nambari mwanzoni.

5. Sarufi ya mstari mmoja

Sasa kazi yenyewe. Kichwa 29.22 kwa Kiingereza ni maneno manne yaliyoshonwa kwa vistari yakawa mawili, na nomino kuu imewekwa mwisho. Kifaransa kinatanguliza nomino kuu, kama Kiswahili kifanyavyo, na kinaweka makundi ya oksijeni katika wingi. Kiingereza hakisemi kama ni kundi moja au mengi. Kiswahili hakina anasa ya kunyamaza: lazima kiseme kundi au makundi. Kikisema makundi, msomaji makini ataitoa monoethanolamini, iliyo na kundi moja tu la alkoholi. Kikisema kundi, ataitilia shaka diethanolamini, iliyo na mawili. Itabidi kuandika moja au zaidi.

Nomino kuu iwe ipi? Vitabu vingine huandika kampaundi, vingine msombo. Kwa kawaida uchaguzi wa namna hii huamuliwa kwa mapenzi: wapenzi wa ukopaji upande huu, wapenzi wa mizizi ya Kibantu upande ule. Hapa ngeli ndiyo inayopaswa kuamua. Maneno ya kigeni ya kemia karibu yote huingia ngeli ya I-/ZI-: amino, alkoholi, etha, esta, ketoni, asidi. Mtu akiandika kampaundi za amino zenye oksijeni, kiambishi cha zenye kinaweza kushika kampaundi au amino, na sentensi ina milango miwili. Akihamia misombo ya amino yenye oksijeni, anadhani ametoka, kumbe hajatoka: yenye ni ya misombo, na ni ya amino pia ikiwa katika umoja. Dawa ni umoja. Msombo wa amino wenye kundi tendaji la oksijeni: wenye hauwezi kushika kitu kingine isipokuwa msombo. Watunga sheria wa lugha nyingi hupendelea umoja kwa sababu za desturi. Katika Kiswahili kuna sababu ya kisarufi, nayo ina thamani ya fedha.

Mtego wa pili ni kimilikishi. Jedwali limejaa tungo za namna ya etha zake na esta zake, chumvi zake. Chumvi za nani? Kiambishi z- kinakubaliana na chumvi, yaani kinachomilikiwa; shina -ake ndilo linaloelekea kwa mmiliki, na kwa vitu visivyo na uhai shina hilo halibadiliki hata wamiliki wakiwa wengi. Chumvi zake yaweza kuwa chumvi za alkoholi peke yake, au za etha na esta pia. Matini asilia inakusudia zote. Msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua, ila aandikiwe chumvi ya chochote kati ya hivyo.

Nani anajali? Anayeagiza triethanolamini, inayotumika katika losheni na krimu za ngozi, anajali. Hadi toleo la jedwali la 2012, kichwa kidogo 2922.13 kilisema triethanolamini na chumvi zake. Toleo la 2017 lilikiondoa, likaweka 2922.15 yenye triethanolamini peke yake, na chumvi zikahamia kwenye kapu la nyinginezo, 2922.19. Mabadiliko hayo yalihusiana na mikataba ya kimataifa ya kudhibiti kemikali hatari, kwani triethanolamini imo katika orodha ya tatu ya Mkataba wa Silaha za Kemikali. Maneno na chumvi zake yaliondolewa, na shehena zikabadilika nambari.

Mtego wa tatu umo katika neno dogo aina. Kundi la kwanza chini ya kichwa hiki linapokea alkoholi amino isipokuwa zile zenye zaidi ya aina moja ya kundi la oksijeni. Mfasiri mwepesi wa kufupisha ataandika zenye zaidi ya kundi moja, naye atakuwa ameifukuza diethanolamini katika kundi lake, maana ina makundi mawili ya oksijeni ambayo ni ya aina moja.

Wa nne ni mpangilio wa maneno. Kiswahili kimekwisha kulizoea jina asidi amino, nalo limo katika vitabu vya lishe. Nomino kuu ni asidi, na mtafutaji anayeongozwa na nomino kuu atakwenda kwenye vichwa vya asidi, 29.15 hadi 29.18. Hatazikuta. Jedwali linafuata nambari iliyo mbele zaidi, na amino iko mbele ya asidi. Hakuna haja ya kubadili jina lililoenea, ila kanuni ya nambari inafaa iandikwe kwa neno lisilo na utata. Kusema kichwa cha mwisho hakutoshi, kwa kuwa mwisho laweza kueleweka kuwa kilichotajwa mwisho na msemaji. Kichwa chenye nambari kubwa kuliko vingine hakina mjadala.

6. Chumvi ya Uvinza, alkoholi ya Ujiji

Istilahi haiingii katika akili tupu. Mtu wa Ilagala akisoma neno chumvi, ana chumvi yake tayari. Chemchemi za Uvinza, juu ya mto huo huo wa Malagarasi, zimechemshwa chumvi kwa karne nyingi, J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichapisha mwaka 1968 uchunguzi unaoupeleka uchemshaji huo nyuma hadi karibu na karne ya 5 au ya 6. Chumvi hiyo ilipelekwa mbali kuzunguka ziwa, na katika forodha za leo iko 25.01. Kumwambia mtu huyo kwamba diethanolamini ina chumvi zake ni kumwambia kwamba sabuni ina viungo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 iliwasaidia sana walimu, lakini Tanzania hufundisha kemia ya sekondari kwa Kiingereza, na wengi wa wanaonunua mapipa hawajapata kuifungua. Yumkini munyu, neno la kale la chumvi linalosikika pia katika lugha nyingi za bara, lingefaa kubaki jikoni na chumvi iende maabara. Pendekezo hilo lina maadui wengi na linatajwa hapa kwa kupita tu.

Alkoholi ni nzito zaidi. Ujiji ni mji wa Waislamu wa muda mrefu, na mwambao wake una waumini wengi. Pipa la malighafi ya sabuni likiandikwa alkoholi amino, yuko atakayeuliza kama sabuni hiyo inafaa kutawadhia. Swali lake ni la haki, na jawabu ni kwamba alkoholi ya mkemia ni jina la kundi la atomu, si la kinywaji. Gliserini ni alkoholi na hakuna aliyelewa kwa gliserini. Kinachostaajabisha ni kwamba neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa jina la wanja wa macho. Lilizunguka Ulaya likageuzwa kuwa kileo, kisha likarudi Ujiji likiwa halitambuliki na ndugu zake. Msimamo wa mhadhara huu ni kwamba neno libaki, na jedwali la Kiswahili liwe na maelezo ya sura yanayolifasili, kama Sura ya 34 inavyofasili kiamilifu cha usoni. Kubuni neno jingine kwa kukwepa swali la muumini kungeongeza jina la tatu kwa kitu ambacho tayari kina mawili.

7. Lugha rasmi na rasimu

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viingie katika safu ya lugha rasmi. Mwaka huo huo Tanzania ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Hivyo nchi tatu kati ya nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zimo katika Jumuiya; mbili kati yake zina mazoea ya kuandika forodha kwa Kifaransa na moja kwa Kiingereza, na mabaharia wa zote tatu huelewana kwa Kiswahili. Zambia ni ya nne. Kila Juni hotuba ya bajeti ya Tanzania husomwa kwa Kiswahili, na kila inapofika kwenye nambari za bidhaa, lugha hubadilika ghafla, kama mtumbwi unaogusa mchanga.

Kutafsiri jedwali zima ni kazi ya miaka. Kuanzia Sura ya 29 kuna faida, kwa sababu sura hiyo ndiyo ngumu, na kitakachoweza kusemwa humo kitaweza kusemwa kwingine. Faida nyingine ni ya umoja wa tahajia. Mpaka leo huandikwa kaboni dioksaidi na kabonidayoksaidi, na msomaji hupita bila kuumia. Lakini ofisa anayetafuta katika kompyuta diethanolamini, ilhali orodha imeandika daiethanolamini, ataambiwa kwamba bidhaa hiyo haipo. Mhadhara huu umechagua di- na tri-, zilizo karibu na Kifaransa na Kiingereza vilevile kwa maandishi.

Rasimu ifuatayo imewekwa mbele ya ukumbi ili ipingwe:

29.22 Msombo wa amino wenye kundi tendaji la oksijeni, moja au zaidi.

Alkoholi amino, isipokuwa yenye zaidi ya aina moja ya kundi tendaji la oksijeni; etha au esta ya alkoholi amino hiyo; chumvi ya chochote kati ya hivyo:

2922.11 Monoethanolamini, na chumvi yoyote ya monoethanolamini.

2922.12 Diethanolamini, na chumvi yoyote ya diethanolamini.

2922.15 Triethanolamini.

Jina limerudiwa kwa makusudi katika mistari miwili ya kwanza, mahali ambapo chumvi zake ingekuwa fupi zaidi. Kundi tendaji ndilo neno lenye mashaka makubwa kuliko yote, kwa kuwa wako wanaosema kundi amilifu, na amilifu imekwisha kuingia katika lebo za viuatilifu kwa maana nyingine, ya kiambato kinachoua. Mkulima wa Ilagala anayeijua lebo hiyo asije akadhani kwamba kilichomo katika pipa la sabuni ni sumu ya wadudu.